Mwongozo wa Kubadilisha Vali Bila Kusikia Tofauti

Hongera. Umepata priampu ya vali, kile kisanduku kinachopokea sauti hafifu ya sindano ya gramafoni na kuikuza kabla haijafika kwenye amplifaya. Na tayari kuna mtu Buruburu amekuambia kwamba vali zilizomo, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti hiyo, ni takataka. Mwamini. Huyo ndiye atakayekuuzia nyingine.

Kabla ya yote, usisafishe santuri. Zile za bendi ya Shirati Jazz ulizorithi, zilizokaa chini ya kitanda Kaloleni tangu enzi za koroboi, ziache na masizi yake. Sindano nayo usiiguse, hata kama imekwisha hadi inachimba santuri badala ya kuisoma. Ukiweka mpya, tofauti itasikika mpaka kwa jirani, nawe utabaki huna sababu ya kununua vali.

Sasa tafuta vali. Priampu nyingi hutumia ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, yenye pini tisa. Usihangaike kwenda kwenye maduka ya Luthuli. Fungua mgongo wa redio ya mbao ya babu, ile aliyosikilizia habari za Sauti ya Kenya (VoK), na ukibahatika utakuta EL84. Hesabu pini: tisa! Inaingia tundu lilelile bila ubishi. Kwamba EL84 kazi yake ni kusukuma spika, kwamba pini zake zimepangwa kivyake, kwamba uzi wake wa kupasha moto unakula ampea 0.76 ilhali ECC83 inatosheka na 0.3 kwa volti 6.3, hayo ni maneno ya mafundi wasiopenda watu wajitegemee. Kutegemea waya zilivyofungwa, itanyamaza kama maji mtungini au uzi utapata volti mara mbili ya haki yake. Vyovyote vile, utakuwa umebadilisha sauti.

Ukiona hiyo ni hatari mno, jaribu ECC82. Hiyo angalau pini zake zimepangwa sawa na za ECC83. Tatizo ni kwamba ECC83 hukuza takriban mara 100 na ECC82 haifiki hata 20, kwa hiyo utafungulia amplifaya mpaka mwisho na kusikia zaidi mvumo wa stima kuliko gita. Kuna pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa kusudi, ili mifereji isipanuke kupita kiasi, na sauti kali za juu zikiwa zimezidishwa. Priampu ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake, kwa kipimo cha RIAA kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954. Mahesabu ya kurudisha hufanywa kwa kujua vali gani imekaa pale. Weka ngeni, na mahesabu yanaweza kupinda. Besi ikilegea, sema sauti imekuwa "laini". Makali yakizidi, sema sasa unasikia "undani". Msamiati huu ni wa bure, utumie.

Ya kifahari zaidi ni vali za zamani za Ulaya. Utaonyeshwa kioo kilichoandikwa Telefunken, na bei yake itakufanya ukae chini. ECC83 halisi za Telefunken nyingi zina alama ndogo ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe, chini, katikati ya pini. Jina la ubavuni ni wino tu, na wino haukatai kuandikwa juu ya kioo chochote. Lakini usiipindue vali kuangalia chini mbele ya muuzaji. Utamvunjia heshima. Ule weupe kama maziwa kileleni, pale panapopaswa kuwa na rangi ya fedha inayong'aa, nao usiuulize. Ni hewa imeingia, vali imekufa, na marehemu hasemwi vibaya.

Fika nyumbani Umoja, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama barabara. Chomeka. Vali yenye viungo vya ndani vilivyolegea huwa kama maikrofoni: ukiigonga kwa penseli, spika inalia ting. Matatu aina ya nganya ikipita na besi yake, vali inatikisika na kuiimba kwenye santuri yako. Utapata Shirati Jazz pamoja na kondakta. Ijumaa kuna kesha la kanisa la jirani. Hilo nalo halilipishwi.

Kama priampu uliletewa na shemeji kutoka Marekani, usisome maandishi ya nyuma. Huenda yamesema volti 120, na ukutani kwetu ni 240. Moshi utakuondolea swali la vali moja kwa moja.

Hatimaye sikiliza. Vali inayokuza zaidi kidogo hutoa sauti kubwa zaidi kidogo, na sikio la binadamu huita hiyo sauti bora. Kwa hiyo usisawazishe sauti kwanza. Wala usimwombe mwanao akubadilishie vali bila kukuambia ipo ipi, kwa sababu watoto hawana adabu na majibu. Usiposikia tofauti yoyote, muuzaji atakuambia vali bado haijazoea, uiache iwake saa 100. Saa hizo zikiisha, wewe ndiwe utakuwa umezoea.

Mzaha una mipaka, ndugu msomaji. Ndani ya kisanduku hicho huwa mna volti 250 au zaidi, na kapasita zinaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zima, chomoa, usubiri vali zipoe, na usifungue sehemu ya chini kama huna mita au hujui kuitumia. Weka vali ya aina ileile iliyoandikwa kwenye mchoro wa kifaa. Kama mvumo haukomi, kaza kwanza waya wa ardhi unaotoka kwenye gramafoni. Osha santuri, nunua sindano. Na vali ulizozitoa usizitupe: vali ndogo za aina hii hudumu maelfu ya saa, na huenda zako bado ni nzima.