Mjadala wa Kinyonga na Betri juu ya Kiumbe Awezaye Yote

Katika komini ya Kikula, mjini Likasi, nchini Kongo, kipo kibanda cha bati ambamo fundi mmoja hufungua simu za watu, huuza vocha, huchaji betri kwa paneli ya jua, huvunja dola kwa franka, na jua likishatua huuza mayai ya kuchemsha yenye pilipili. Na juu ya meza yake, baina ya bisibisi na waya wa kulehemu, ilikuwa imelazwa betri kongwe ya simu, iliyovimba tumbo hata fundi alipoisukuma kwa ncha ya kidole ikazunguka pasipo kukwama, dalili ambayo mafundi huihesabu kuwa hati ya kufa. Kinyonga mmoja, mkazi wa mwembe uliokiinamia kibanda hicho, alipenya katika tundu la bati akimwinda nzi, na alipomkosa nzi alipata mzungumzaji.

KINYONGA: Jambo yenu, Mzee Betri, na poleni kwa uvimbe. Nimewasikia vijana hapo nje wakisema kwamba Jumapili, baada ya misa, watawapambanisha viumbe wao wa mchezo wa Pokémon, na kwamba yupo mmoja anayetajwa kwa heshima kwa sababu hakuna fani asiyoweza kufundishwa. Mimi, ambaye ngozi yangu hugeuka rangi, jicho langu moja hutazama mbele na la pili nyuma kwa wakati mmoja, na ulimi wangu huuzidi urefu wa kiwiliwili changu, nimeona kwamba nimeitwa. Nani astahiliye cheo hicho kunishinda?

BETRI: Jambo, mwanangu. Yeye anaitwa Mew, nami namjua kwa karibu, maana simu niliyokaa ndani yake ilikuwa ya kijana aliyemchezesha usiku kucha, nikamlisha nguvu mpaka nikapata maradhi haya unayoniaguzia. Umbo lake ni la paka mdogo wa rangi ya waridi mwenye mkia mrefu, na kuzaliwa kwake kulikuwa kwa hila: mchezo wa kwanza ulipokaribia kutolewa huko Japani mwaka 1996, na zana za kukagulia makosa zilipoondolewa ndani yake, ikabaki nafasi finyu ya baiti 300 hivi, na mtengenezaji mmoja, Shigeki Morimoto, akamsweka humo kiumbe wa 151.

KINYONGA: Aliingia milango ikiwa imekwisha fungwa! Huyo ni wa ukoo wangu. Na uwezo wake?

BETRI: Kila kiumbe wa mchezo ule hupimwa kwa sifa sita, yaani uhai, shambulio, ulinzi, shambulio la pekee, ulinzi wa pekee, na kasi; na Mew amepewa 100 katika kila moja, pasipo kupungua wala kuzidi. Wasiopima mambo hustaajabia usawa huo. Lakini mwenye insafu ataona kwamba wapo wamzidio mbio, na wapo wamzidio ngumi, na wapo wamzidio ugumu wa mwili, hata aliye sawa katika yote akawa si wa kwanza katika lolote. Fauka ya hayo, ijapokuwa aweza kujifunza karibu kila fani inayofundishika, hawezi kuingia uwanjani na zaidi ya mbinu nne.

KINYONGA: Nne! Mwanachuoni wa fani zote aende vitani na nne kama mbumbumbu yeyote? Hii ni dhuluma.

BETRI: Ni rehema, mwanangu, na ndipo ilipo siri yake. Tangu matoleo ya mwaka 2010, wapinzani huonyeshana vikosi vyao vya viumbe sita kabla ya pigano. Basi kila mmoja huziona sura za adui, ila mbinu zilizofichwa nyuma ya sura hizo hazioni. Kiumbe wa moto akitokea, adui anajua kwamba ataunguzwa. Mew akitokea, adui anajua nini? Hajui lolote, na kwa kutojua huko hupoteza zamu nzima akitafakari, au hutoa jibu la swali ambalo hakuulizwa.

KINYONGA: Nifafanulie, mzee, maana mimi hujua kujificha, lakini sijapata kujificha hali nikionekana.

BETRI: Mew ana sura nyingi, nami nitataja mbili. Ya kwanza ni ya mlinzi: kijana wangu alimpa mbinu ya kumtia adui moto, na mwenye kuungua hupungukiwa na nusu ya nguvu ya mapigo ya mwili, mbinu ya uchokozi, ambayo kwa zamu tatu humzuia adui asifanye lolote ila kupiga, hata asiweze kujiganga wala kujinoa, mbinu ya kujiponya, irudishayo nusu ya uhai, na ya nne, kutega mawe makali upande wa adui, ili kila aingiaye uwanjani, akiwa wa kawaida, apoteze thumuni ya uhai wake hata kabla hajakunja ngumi.

KINYONGA: Mawe! Huyo hakika ni mwenyeji wa Likasi.

BETRI: Sura ya pili ni ya mshambuliaji: hutumia zamu moja kuwaza uovu, shambulio lake la pekee likawa maradufu, kisha hupiga kwa mapigo matatu ya jinsi mbalimbali, asipatikane wa kuyahimili yote. Sasa tazama tadbiri ilivyo. Adui amwonaye Mew akamdhani mlinzi, humletea kiumbe mpole wa kukaa naye kwa subira. Kumbe ni mshambuliaji, na subira ile ndiyo nafasi aliyoihitaji kuwaza uovu wake. Adui amdhaniaye mshambuliaji humletea pande la mtu lenye misuli; kumbe ni mlinzi, na misuli ile huungua hata kabla ya jasho kutoka.

KINYONGA: Nimekwisha pata hekima! Nitachukua nusu ya huku na nusu ya huko: nijiponye, niwaze uovu, nichome moto, na kupiga nipige. Hapo nitakuwa mlinzi na mshambuliaji kwa pamoja.

BETRI: Hivyo ndivyo kijana wangu alivyofanya mwezi wa kwanza, na kila usiku alinizima kwa matusi. Mazoezi ya kila kiumbe hugawiwa pointi 510, na sifa moja haipokei zaidi ya 252. Maana yake ni kwamba utazijaza sifa mbili, na baada yake hubakiwi ila na pointi 6, sadaka ya maskini. Mwenye kugawa pointi zake kidogo kwa uhai, kidogo kwa shambulio, kidogo kwa kasi, hulea kiumbe asiyeweza kustahimili wala kuua. Na kabla ya yote hayo, hukutakiwa kuuliza Mew aweza nini. Ulitakiwa kuuliza wenzake watano wamekosa nini. Wakikosa ngao, awe ngao. Wakikosa upanga, awe upanga. Na akishakuwa upanga asione haya kwamba si ngao.

KINYONGA: Na hofu zake ni zipi? Maana hakuna shujaa asiye na kinyesi chake cha kukanyaga.

BETRI: Yeye ni wa jinsi ya nguvu za nafsi, na jinsi hiyo huelemewa na tatu: mizimu, giza, na wadudu.

KINYONGA: Wadudu? Huyo bingwa wenu anaogopa chakula changu cha mchana?

BETRI: Anakiogopa sana. Na giza nalo ulielewe vizuri, maana mkazi wa Likasi huona umeme ukikatika usiku ilhali maji ya bwawa la Mwadingusha yako hapo karibu, kwa hiyo mchezaji wa hapa hahitaji kufundishwa taathira yake.

KINYONGA: Basi mzee, ikiwa jambo lenyewe ni kugeuka, mimi nina sifa ya asili ambayo paka huyo wa waridi hana.

BETRI: Usijisifie rangi mbele ya watu wa mkoa huu. Mji huu ulikuwa Likasi, ukaitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, ukarudi kuwa Likasi mwaka 1966. Mkoa ulikuwa Katanga, ukawa Shaba, mwaka 1997 ukawa Katanga tena, na mwaka 2015 ukakatwa vipande, chetu kikaitwa Haut-Katanga. Na kama hayo hayakutoshi, ukumbuke mwisho wa mwaka 2020 kule Kinshasa, ambapo wabunge wengi wa kambi ya rais wa zamani Kabila walihamia Muungano Mtakatifu wa Rais Tshisekedi kwa wepesi ambao kwako ungekuchosha miguu.

KINYONGA: Nilisikia, na kwa muda wa juma zima nilitembea nimeinamisha kichwa. Lakini kama kugeuka kumewafaa wao, kwa nini hakuwafai wakazi wa Kikula? Mtazame fundi wetu: anafanya kazi tano kwa siku moja, wala hakuna aliyempangia nne. Hapa watu wote ni Mew. Wana Kifungu cha 15, ambacho watu husema kilitoka katika katiba ya Kasai Kusini, na maandishi yake, kwa usemi wao, ni amri moja tu: jitafutie njia mwenyewe. Kama ustadi wa kila fani ni hazina, mji huu ungekuwa tajiri kuliko Japani.

BETRI: Sasa umegusa jeraha, nami nitalieleza kwa utaratibu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndani yangu mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi hii, hata sioni ajabu nikiwa nimerudi nyumbani. Zamani mfanyakazi wa hapa alikuwa na mbinu moja. Alifanya kazi viwandani Shituru au Panda, na kampuni, kwanza Union Minière, na tangu 1967 ile ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, ikampa nyumba, posho, shule ya watoto na hospitali, huku ikimtawala mpaka jikoni kwake. Na mbinu moja, hata iwe nzuri namna gani, adui akiizuia huna ya pili. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 hazikufika 50,000. Kisha, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango wa kile kilichoitwa hiari. Ndipo baba wa nyumba akawa mchimbaji wa mkono asubuhi, dereva wa pikipiki mchana, muuza makaa jioni, na mhubiri Jumapili.

KINYONGA: Ndiyo nisemayo! Sifa sita, zote 100!

BETRI: Zote 100 tumbo likiwa limeshiba, nalo halishibi. Tazama apiganaye naye. Mchimbaji anakuja na magunia yake kwa mnunuzi wa madini, na mnunuzi ana mbinu nne tu, hata kuzificha hazifichi: mizani yake mwenyewe; mashine yake mwenyewe ya kupimia kiwango cha madini; bei iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao, ambayo kitambaa kikavu hutosha kuigeuza; na ya nne, iliyo kali kuliko zote, kungoja. Anakunywa chai, anaongea na simu, anamwambia mchimbaji asubiri kidogo, na jua linashuka. Mchimbaji ana fani kumi, lakini jioni ile hawezi kurudisha gunia shimoni, hana gari la kulipeleka kwa mnunuzi mwingine, na nyumbani wanangoja unga wa bukari. Mnunuzi anajua yote hayo. Basi niambie, mwenye mbinu nne na mwenye fani kumi, nani ameshinda?

KINYONGA: Ameshinda mnunuzi, tena ameketi.

BETRI: Amina. Mew hatishi kwa kuwa aweza mengi. Hutisha kwa kuwa mchezaji wake alikaa faraghani, akapima kikosi, akachagua nne kwa hiari yake, na adui asijue ni zipi. Ondoa hiari, fani zile zikawa ni kukimbizwa na njaa kutoka mlango hadi mlango. Ondoa siri, kila mwenye mizani akajua kwamba utakubali bei yoyote, maana umekwisha mwonyesha kwamba hakuna kazi utakayoikataa. Wanaokisifu Kifungu cha 15 kuwa ni akili ya watu wetu husema nusu ya kweli, nao aghalabu ni wale ambao hawajapata kukitumia.

KINYONGA: Na wachimbaji wafanyeje? Wamtupe Mew?

BETRI: Wafanye afanyavyo yeye: wasiende mmoja mmoja. Nilikwisha kuambia kwamba kiumbe huyu hana thamani kubwa pasipo watano wa nyuma yake; mchezaji humrudisha mmoja, humtoa mwingine, na adui ndiye hulazimika kungoja. Wachimbaji wakiwa na ushirika wao wa kweli, si wa jina, wenye mizani yao na ghala la kuhifadhi magunia usiku mmoja tu, mbinu ya nne ya mnunuzi itakufa mikononi mwake, maana kungoja humfaa yule tu ambaye mwenzake hawezi kungoja.

KINYONGA: Mzee, umenipoza. Basi nami nichague nne zangu kwa ajili ya Jumapili, uzipime. Ya kwanza, jicho la mbele na la nyuma; ya pili, kutulia kimya; ya tatu, ulimi.

BETRI: Tatu hizo ni za mwindaji kamili. Na ya nne?

KINYONGA: Mkia wa kujishikia, nisianguke. Rangi nitaiacha nyumbani.

BETRI: Rangi? Ndiyo uliyonijia ukijivunia!

KINYONGA: Kwa sababu hiyo hiyo. Wote watakaa wakiingoja; atakayeniona kijani atadhani nitakuwa kahawia, na atakayeniona kahawia atadhani ni hila, nao watapoteza zamu zao wakiitazama ngozi yangu, huku mimi natazama nzi.

BETRI: Mwanangu, nimeishi katika simu ya mchezaji, na maneno haya hayakupata kumtoka kinywani. Sasa nakuusia moja: usimwambie mtu.

KINYONGA: Hata vijana wa mchezo?

BETRI: Hata hao.

KINYONGA: Na mnunuzi wa madini?

BETRI: Yeye mwambie kwamba unaweza rangi zote, tena una haraka ya kuuza.