Nywila Imetufanya Malenga

Waswahili hatukosi cha kusifu. Tumesifu majahazi, karafuu, kanga, maharusi, viongozi wa kila awamu na timu mbili za Kariakoo hata katika misimu ambayo hazikustahili. Nywila peke yake haijapata wa kuisimamia. Wanaoitaja huitaja kwa kusonya. Mimi ni mgonjwa wa programu na vifaa vya kielektroniki, siwezi kupita huduma mpya ya mtandaoni bila kujisajili, na mlango wa nywila nimeubisha mara nyingi kuliko mlango wa jirani yangu. Nikinyamaza mimi, nani ataisemea?

Sifa ndogondogo nizipitie upesi. Nywila haina upendeleo: humkataa profesa sawasawa na inavyomkataa mwanafunzi wake. Huunganisha familia, kwa sababu bibi aliyenunuliwa simu janja atampigia mjukuu kila anapoisahau, na haachi kuisahau. Hufundisha unyenyekevu, sijui ni wapi pengine mtu mzima hufukuzwa mlangoni kwa neno alilolitunga mwenyewe. Hunyoosha kidole gumba. Lakini hizo ni sifa ambazo hata foleni ya magari inazo.

Sifa kuu ya nywila, na nashangaa wataalamu wetu wa fasihi hawajaiona, ni kwamba imefufua ushairi wa arudhi. Hebu soma sharti la kwanza linalotokea ukijisajili popote: nywila iwe na herufi zisizopungua nane. Nane! Mizani nane ndiyo kipande cha shairi la tarbia, na ndiyo mshororo mzima wa utenzi. Najua mizani huhesabiwa kwa silabi, wataalamu wanisamehe, lakini nane ni nane. Sharti la pili: pawe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Hivyo ni vina, navyo lazima vikae, la sivyo maandishi mekundu yanakusuta papo hapo mbele ya watoto. Sharti la tatu: isifanane na nywila zako za nyuma, maana malenga hajirudii. Sharti la nne: isiwe na jina lako. Hapo nywila imewapita hata watunzi wa tenzi za kale, ambao angalau waliruhusiwa kujitaja kwenye beti za mwisho.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akiwaandikia wanaotaka kutunga. Asiyetaka aliendelea na shughuli zake. Nywila haikubali uvivu huo. Karani, dereva, mama lishe aliyefungua ukurasa wa kuuza maandazi, mkulima anayefuatilia ruzuku ya mbolea, wote wameketishwa wakatunga. Na wametunga! Kazi zao nimeziona (watu huniita niwatengenezee simu), na naweza kusema shule yao ya ushairi inatambulika kwa mbali: jina la mtoto au timu likianza kwa herufi kubwa, kisha mwaka, kisha alama ya mshangao. Ukijaribu Yanga1935! au Simba1936! utafungua milango kadhaa ya mji huu bila kuvunja kitasa. Alama ya mshangao haijawahi kupata ajira ya namna hii tangu enzi ya magazeti ya udaku.

Kila arudhi ina mtunga sheria wake. Wa nywila alikuwa Mmarekani, Bill Burr, mfanyakazi wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango. Mwaka 2003 aliandika mwongozo uliopendekeza kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilisha nywila mara kwa mara. Dunia nzima iliupokea, na ofisi zikaongeza chumvi yao: kila baada ya siku 90, shairi jipya. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mwingine: msiwalazimishe watu alama, msiwatake wabadilishe nywila bila sababu ya kuvuja, waacheni waandike sentensi ndefu wanayoikumbuka. Kwa lugha yetu ni kama mshairi Kezilahabi alivyoingia na diwani ya Kichomi mwaka 1974: vina vikatupwa, mizani ikaachiwa upepo. Ofisi nyingi za kwetu hazijapata habari. Zimebaki wanamapokeo kuliko wanamapokeo wenyewe.

Siwezi kuacha fani hii bila kumtaja gwiji wake. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alikuwa na nywila ambayo ilibaki imefichwa ndani ya faili la zamani kwa miongo. Wadadisi waliwavunjia siri wenzake mmoja mmoja. Ya Thompson ikawagomea hadi mwaka 2019, baada ya mashine ya kisasa kukesha nayo siku kadhaa. Ilikuwa hivi: p/q2-q4! Ni mwendo wa kufungulia mchezo wa chesi, kusogeza kete iliyo mbele ya malkia hatua mbili, na bwana huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa chesi. Hesabu herufi zake na alama zake. Nane kamili, na mshangao mwishoni. Kumbe mama lishe na Thompson ni wa shule moja.

Sasa tuone fani hii inavyoishi makazini. Nilikwenda kufuatilia karatasi katika ofisi fulani, siitaji. Tumekaa kwenye benchi, watu kama dazeni hivi, karani yuko mbele ya kompyuta, na kwenye fremu ya kioo kuna karatasi ya njano iliyobandikwa kwa gundi. Karani akageuka akapaza sauti kwa mwenzake wa dirisha la pili.

"Dada, imegoma tena."

"Weka ileile. Mwisho ilikuwa tano, sasa weka sita."

"Na ile alama?"

"Iache, ndiyo wanayoitaka."

Benchi zima tulisikia. Mzee mmoja alitikisa kichwa kama aliyeelewa jambo. Ikafunguka, ikaonesha majina yetu sote, viwanja vyetu na namba zetu za simu, na mimi, ambaye siku hiyohiyo tovuti ya ofisi ileile ilikuwa imenikatalia nywila ya herufi kumi na moja kwamba ni dhaifu, nikawa natazama dari.

Dhaifu! Naomba radhi, nilikuwa nasifu. Lakini nani hasa huvujisha siri? Twende kwenye asili. Nywila za kompyuta zilianzia chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS ulioongozwa na Fernando Corbató, ili watu wengi watumie mashine moja na kila mmoja awe na faili zake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja hapohapo, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa chache za mashine na kazi yake ilihitaji nyingi zaidi. Alifanya nini? Hakukisia nywila ya mtu. Aliiagiza mashine imchapie faili zima la nywila za watumiaji wote, na mashine, kwa adabu, ikamchapia. Mwaka 1966, kwenye mfumo uleule, mafaili mawili yaligongana, na kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za wote mahali pa tangazo la siku. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa nywila milioni 32, zote zimehifadhiwa kama zilivyo, bila kufichwa hata kidogo. Iliyoongoza kwa kupendwa ilikuwa 123456, na gazeti baada ya gazeti likawacheka wateja kwa uvivu wao. Hata kama wangeandika utenzi mzima wa Al-Inkishafi, mwizi angeusoma. Sanduku liliachwa wazi na mwenye nyumba.

Historia nzima ya chombo hiki ni hiyo: mwenye nyumba huacha sanduku wazi, kisha humwandikia mgeni barua ya kumtaka aimarishe kufuli.

Na kwetu mwenye nyumba ana vitabu viwili. Ghorofani ana mfumo unaotaka herufi kumi na mbili. Chini, getini, ana mlinzi mwenye daftari la wageni lililofungwa kalamu kwa uzi. Andika jina, unakotoka, namba ya simu, namba ya kitambulisho, sahihi. Unapoandika yako unasoma za wote waliotangulia tangu asubuhi, na jioni daftari linalala kwenye kiti cha plastiki. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mizani nane tena, mtaona. Wakala wa fedha za simu naye ana daftari lake. Stationari iliyotoa kivuli cha kitambulisho inabaki na nakala iliyotoka na ukungu, nayo kesho inafungiwa karanga.

Ndipo simu inalia. Sauti nzuri, ya mafunzo. Wanapiga kutoka taasisi ambayo kweli nina akaunti kwao. "Kwa usalama wako, naomba unithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa." Nami nauliza, na yeye athibitishe kwamba ndiye. Kimya kidogo. "Nimeshakwambia, kaka, napiga kutoka makao makuu." Huo ndio uthibitisho wote waliojiwekea. Aliyenipigia safari hiyo alikuwa mfanyakazi wa kweli, nilikwenda nikahakikisha. Na maneno yake, neno kwa neno, ndiyo wanayotumia matapeli. Halafu tunaambiwa wananchi hawana elimu ya usalama mtandaoni. Elimu wanayo, wamefundishwa na taasisi zenyewe, kwa simu, kwamba ukipigiwa na mtu usiyemjua akataja makao makuu, unajibu. Ni miaka tangu tulipoanza kusajili laini zetu kwa alama za vidole mwaka 2019. Tumetoa vidole, sura, sahihi, picha za pasipoti. Wao wametoa sauti nzuri.

Wakizidi kutaka usalama huongeza maswali ya siri. Jina la mama yako kabla ya kuolewa? Kwa pwani nzima mama huitwa jina lilelile kabla ya ndoa na baada yake, nalo lilisomwa msikitini na kuchapwa kwenye kadi ya mwaliko. Jina la mnyama wako wa kwanza? Alikuwa kuku, na Idi ilifika kabla hatujampa jina. Nilijibu "Kuku". Mfumo ukaniambia jibu ni fupi mno.

Ninacho kifaa kichwani, kwa kuwa siku zote ninacho. Ni programu ndogo ya simu ambayo taasisi ikitaka kunipigia, lazima kwanza ijisajili kwangu na itunge nywila. Herufi kumi na mbili, kubwa na ndogo, tarakimu, alama. Isiwe na jina la taasisi wala la mkurugenzi. Ibadilishwe kila baada ya siku 90. Ikikosea mara tatu, inafungiwa, na mkurugenzi anakuja nyumbani kwangu siku za kazi kati ya saa tatu na saa sita akiwa na picha mbili za pasipoti na barua kutoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake. Swali la siri: mlilipokea lini daftari la mlinzi, na liko wapi sasa? Rafiki yangu mmoja, msanidi wa programu, ameitazama michoro akasema kiufundi hakuna kigumu, kigumu ni kumpata mteja wa kuinunua.

Haki ya kudai haya, angalau nusu yake, tunayo kwenye maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitangulia na yao mwaka 2019. Yetu inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, si wewe umlindie. Daftari la getini halijaisoma. Walioliweka hapo nadhani wameisoma, kwa kuwa wananitaka nikubali vigezo na masharti yao kila ninapoingia.

Corbató, mwenye mtoto, kabla ya kufariki mwaka 2019 alikwisha kukiri kwamba nywila zimekuwa jinamizi. Kampuni kubwa za Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja mwaka 2022 kwamba zinajenga njia ya kuingia kwa ufunguo unaokaa ndani ya kifaa chako, bila neno la kukumbuka. Nitaipakua siku ikifika kwenye ofisi ya karatasi ya njano. Sitaki kuwa mwongo nikasema naisubiri kwa haraka.

Kwa sasa, msomaji, ukipigiwa na mtu anayejiita huduma kwa wateja wa mtandao wako akaomba namba ya siri, tarehe ya kuzaliwa au ujumbe ulioingia sasa hivi, kata. Piga 100 wewe mwenyewe uwaulize. Na namba iliyokupigia, kama ni ya tapeli, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Huduma hizo mbili hazihitaji nywila.