Ulingo wa Futi Mbili

Ulingo wa mieleka wa WWE una futi 20 kila upande. Ukipunguzwa mara kumi unabaki futi mbili, kwa hiyo mzazi wa Kibirichia, kwenye mashamba ya viazi ya Meru, anayetaka kumpa mwanawe zawadi ya ulingo hana haja ya duka la wanasesere. Mabaki ya mbao yako kwa seremala, kipande cha turubai kuukuu hakikosekani, na kamba tatu (nne ni za ndondi) zitatokana na nyuzi za gunia la viazi.

Ila aharakishe, kabla broka hajazimaliza kushonea lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Kilemba, ile nyongeza inayoshonewa juu, hakikusoma kanuni.

Kwenye mieleka, refa hugeukia pembeni kiti cha chuma kinapotua mgongoni mwa mtu. Mtoto akikosa mwanasesere wa refa, amfuate babake shambani siku ya kupakia lori.