Kutu Kidogo Tu

Hongera, shemeji, kwa kuipata hiyo Datsun 240Z. Ni kweli, mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally, na 1973 Shekhar Mehta naye akashinda. Ila wenzio walikuwa na mafundi wakiwangoja njiani. Wewe una fundi mmoja wa jua kali, tena huzima simu akiona namba yako.

Muuzaji anasema ni "kutu kidogo tu". Inua zulia la dereva: utaiona lami. Chini ya betri, bati limekuwa biskuti. Kabureta ni mbili, na hazisemezani. Lakini rangi, wallahi, inang'aa!

Basi nunua. Dada ameshaanza kuhamisha kuku bandani, maana ameona ulivyoikodolea macho.