Leilani kapandishwa cheo

Mwaka 1860 Mfalme Kamehameha IV wa Hawaii alitia saini sheria ya majina: mtoto apewe jina la Kikristo, na la Kihawaii likaishia kufuata nyuma. Kabla ya hapo majina mengine yalikuja kwa ndoto au ishara, na mzazi aliyelidharau jina la ndotoni alijua mtoto huenda akaugua. Sheria haikuugua, ilidumu hadi 1967. Shuleni nako, mwaka 1896, Kihawaii kikaondolewa madarasani.

Basi bibi wa Honolulu akaandikishwa Mary, na Leilani, jina lake la Kihawaii, akakaa nyuma kama mgeni asiyealikwa. Wakati huohuo kule Marekani bara mwimbaji Bing Crosby akaimba “Sweet Leilani” katika filamu ya 1937, wimbo ukanyakua Oscar, na watu wakasinzia kwa raha. Kumwimba ruksa, kumwandika wa kwanza kwenye cheti, subiri kidogo.

Siku hizi Leilani yumo kwenye majina mia ya kwanza ya wasichana Marekani. Shada la mbinguni, watakwambia, au mtoto wa kifalme. (Ufalme wenyewe ulipinduliwa 1893, lakini hilo halichapishwi kwenye kadi za pongezi.) Mary, maskini, anaonekana jina la kizee.

Wavulana nao wamepewa Kai, yaani bahari. Anaitwa hivyo hata mtoto wa Ohio, na wazazi wake hawana wasiwasi: Ziwa Erie si liko pale?