Uainishaji wa Wenye Presha wa Machakos

Vitabu hutambua presha kwa namba: 140 juu ya 90, ukifika hapo umeshaingia daftarini. Uchunguzi wetu, uliofanywa kwa macho makavu penye mabenchi ya kliniki za Machakos, unapendekeza vigezo vingine.

Jamii kubwa kuliko zote haiketi kwenye benchi hata siku moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta presha ya juu kwa watu wazima karibu 24 katika kila 100, na zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hawa ni Wazima. Mzima huthibitisha uzima wake kwa kupanda milima ya Iveti bila kuhema, na mashine ya presha huiona kama mchokozi.

Wanafuata Wamezaji wa Siku ya Kliniki.

"Mwaitu, dawa unameza?"

"Leo nimemeza alfajiri kabisa, daktari."

"Na jana?"

"Jana sikuwa na kliniki."

Wapo pia Wakataji, wanaogawa tembe kwa kisu cha jikoni ili za mwezi zifike miezi miwili, na Waazimaji. Mwazimaji hukopa amlodipini kwa jirani, akarudisha losatani. Deni limelipwa, presha haikuulizwa.

Upande wa waandikaji wa dawa kuna madhehebu mawili. Dhehebu la Endelea huandika "endelea na zile zile" kabla mgonjwa hajaketi. Dhehebu la Kilichopo linashikilia kwamba dawa bora ni ile iliyo kwenye rafu wiki hii. Rafu ikiwa tupu, karatasi huenda kwa kemisti, na hapo miligramu hukoma kuwa kipimo. "Nipe za mia mbili," anasema mteja, na tembe zinahesabiwa mpaka mia mbili iishe. Kwa maoni yetu dozi hii ya shilingi ndiyo inayotawala tiba ya presha nchini, ingawa hakuna mwongozo unaoitaja.

Miongozo haitaji matatu pia. Haidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini kwa njia inayojulikana, na hakuna abiria mwenye akili atakayeimeza asubuhi akikumbuka foleni ya Mlolongo. Enalaprili huachwa kwa sababu ya kikohozi kikavu, amlodipini kwa kuvimba miguu. Mgonjwa hasemi kitu kliniki. Huacha kimyakimya, na dhehebu la Endelea linaendelea.

Kuhusu visababishi, vitabu vinataja umri, uzito, pombe, ukoo na chumvi. Machakos inakubali kimoja tu: mawazo. Karo, shamba lenye kesi, mtoto asiyepiga simu. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, lakini pale Kyumbi nyama choma hufika na kichuguu chake cha chumvi pembeni mwa ubao, na mlaji huchovya huku akieleza jinsi mawazo yalivyompandishia presha. Si ajabu sana katika kaunti ambayo wageni hupelekwa Kituluni kuonyeshwa maji yakipanda mlima.

Jamii ya mwisho, Wamezaji wa Kila Siku, ipo kweli. Wengi wao wana binti Nairobi anayepiga simu saa moja jioni na hakati mpaka asikie maji yakinywewa. Binti akiishiwa na kredo, mama anahesabiwa na jamii ya pili.