Matakia Meupe Mlimani

Kiswahili kilishawaonya wenye hoteli za Lushoto: ukungu wa mlimani na ukungu wa kwenye mkate ni neno moja. Bado matakia meupe ya barazani yanapandishwa kutoka Mombo, yamefungwa juu ya gari kama vyombo vya bibi harusi.

Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima ya Usambara hupanda, hupoa na kumwaga unyevu wake. Kabichi hunenepa, na kuvu nayo haikosi mgao. Wajerumani, walioupa mji jina la Wilhelmstal kumtukuza Kaiser wao, walifuata ubaridi huohuo.

Masika yakifika, mwenye baraza huyafunika matakia kwa nailoni, akalale kwa amani. Kumbe sponji imeshanyonya umande, na sasa imefungiwa na mvuke wake. Funua baada ya wiki mbili: vidoa vyeusi kandokando ya zipu, na harufu ya soksi za bweni. Mgeni huambiwa ndiyo harufu ya msitu wa asili.

Dawa haina ushirikina: maji ya uvuguvugu na sabuni, siki kidogo, kisha takia lisimamishwe wima juani hadi sponji ikauke moyoni. Jioni liingizwe ndani, kama kuku. Ila kazi hiyo haionekani kwenye picha ya tangazo, basi haimo kwenye bajeti.

Mlinzi, yeye, yuko kwenye benchi lake la mbao tupu, anapuliza chai.